Tabibu wa Manowari Mbele ya Bodi ya Vyeo

Mara mbili mfululizo jina langu halikutoka kwenye orodha ya waliopandishwa vyeo, ingawa niliamini kwamba miaka yangu katika hospitali ya jeshi la wanamaji ingenisemea. Nilipoomba kuzisoma upya tathmini zangu za mwaka ndipo nilipoiona kasoro: zilijaa idadi ya wagonjwa niliowatibu, lakini hapakuwa na sentensi hata moja ya kumweleza afisa wa sitaha anayeketi kwenye bodi ya vyeo, ambaye huenda hajawahi kukanyaga wodini isipokuwa akiugua, kwamba meli ilifaidika nini na kazi hiyo.

Kazi yetu ikifanikiwa, haionekani. Injini iliyotengenezwa husikika ikinguruma, ilhali mlipuko wa kuhara uliozuiwa kwa kukagua matangi ya maji hauachi alama yoyote. Kwa hiyo weka kumbukumbu zako kila mwezi, umkabidhi msimamizi wako kabla hajashika kalamu: mabaharia wangapi walikuwa na chanjo kamili siku ya kung'oa nanga, wangapi uliwafundisha kuzuia damu, na ni wagonjwa wangapi uliowahudumia melini bila safari kukatizwa. Wenzangu wengi huona haya kufanya hivyo, wakidhani ni kujigamba.

Hata hivyo, karatasi peke yake haitoshi. James Lind, daktari wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza, aliona mwaka 1747 kwamba machungwa na malimau huponya kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, akachapisha kitabu mwaka 1753, lakini maji ya limau yalianza kugawiwa rasmi mwaka 1795, mwaka mmoja baada ya kifo chake, wakati Gilbert Blane, daktari aliyesikilizwa na wakubwa, alipolishikia bango jambo hilo. Nawe mtafute afisa wa namna hiyo, tena asiwe wa idara ya tiba.

Kilichonivusha mimi ni kukubali kwenda baharini kama tabibu pekee wa meli ndogo, ambako nilisimamia pia mazoezi ya kuzima moto, na kamanda akaniona kila siku. Hati yake ya pongezi, iliyowekwa kwenye faili langu, ilinifaa kuliko medali niliyokuwa nayo.

Lakini pima kwanza kama cheo chenyewe unakitaka. Tangu nikipate, nawaona wagonjwa asubuhi moja tu kwa wiki. Siku zilizobaki nasaini makaratasi.