Mnaoanza kazi ya mbao, ufundisheni na mkono wa pili

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya mbao huku Bagamoyo, iwe milango ya kuchonga au vyombo vya baharini pale ufukweni karibu na soko la samaki, kuna jambo fundi wako huenda asikwambie kabisa maana yeye anafanya bila hata kufikiria. Mkono wako wa pili nao ujifunze kazi. Sisemi uwe mtu wa mikono miwili kwa kila kitu, watu wa hivyo ni wachache mno, wanakadiriwa kama mmoja kwenye mia, wakati mashoto wa kawaida wako kama mmoja kwenye kumi. Nasemea zile kazi chache ambazo usipobadili mkono itabidi uhangaike na mbao yenyewe.

Chukua mlango. Mbao ina nyuzi, ukisukuma patasi kinyume cha nyuzi inazama inang'oa kipande, sasa ukiwa unachonga ua la duara ujue nusu yake lazima ukate ukielekea huku na nusu nyingine ukielekea kule. Kibao kidogo unakigeuza, yameisha. Lakini ubao wa mninga wa mlango mzima, mzito vile na umeshabanwa mezani, utaufungua na kuugeuza mara ngapi? Au uzunguke meza kwa kila jani la ua mpaka magharibi iingie. Fundi anayebadili mkono anabaki palepale, patasi inahamia kulia, nyundo ya mti inahamia kushoto, kazi inaendelea.

Alafu kuna mabawa mawili ya mlango. Nakshi za pande zote mbili zinatazamana, katikati pana mfaa, ule mti uliosimama kati ya mabawa, mnyororo wa huku unatakiwa umjibu wa kule kama mtu na kioo. Ukipita taratibu mji mkongwe ukiangalia milango, hasa ile mipya mipya, utaona mingine upande mmoja mikunjo imetiririka vizuri na upande wa pili ina vikona vikona, mimi nikiona vile nasema hapa fundi alikuwa anapigana na mkono wake. Naweza kuwa nakosea, labda ni njaa tu.

Kwenye chombo ndo balaa zaidi maana dau likishasimama juu ya magogo haligeuki. Upande mmoja unapiga misumari na kukalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, raha mustarehe, ukihamia upande wa pili, hasa kule omo, mbele ya chombo, ambako mbao zinabanana, au ndani katikati ya mataruma, zile mbavu za chombo, nyundo ya mkono wa kulia haina hata nafasi ya kurudi nyuma. Wengine wanajikunja mpaka mgongo unauma na msumari bado unaingia upande.

Sasa unaanzaje. Anza na msasa, hauna madhara na bega linazoea mwendo. Fuata brashi ya rangi, alafu msumeno wa mkono kwenye mabaki ya mbao, uache ule uzito wake ukate, usiukandamize. Nyundo baadaye, patasi mwisho kabisa. Kila siku kidogo kabla ya kazi inatosha, mkono ukianza kutetemeka acha, na tafadhali usifanyie mazoezi kwenye kazi ya mteja.

Wengi wakibadili mkono wanasahau miguu. Ukikata kwa kulia mguu wa kushoto uko mbele, ukihamia kushoto na miguu ibadilike, la sivyo nyonga inaziba njia ya kiwiko na msumeno unakwenda mshazari. Na jicho nalo, hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Karibu kila mtu ana jicho moja linaloongoza na hilo halihami ukihamisha mkono. Nyoosha kidole gumba ukifunike na mlingoti wa chombo kilicho mbali, macho yote wazi, alafu fumba jicho moja moja, lile ambalo ukibaki nalo kidole hakihami ndo linaloongoza. Kwahiyo ukikata kwa mkono wa pili sogeza kichwa mpaka jicho hilo liwe juu ya mstari, usingoje mkono ujirekebishe wenyewe.

Vitu vya kuacha kwa mkono wako mkuu: shoka, tezo, na mashine yoyote inayozunguka. Grainda ishikwe kwa mikono yote miwili siku zote, kile kishikio cha pembeni kinafunguka na kufungwa upande wowote, kama wewe mashoto kihamishe, na kikinga kiwe kati yako na diski.

Mashoto wenyewe sina la kuwafundisha sana, mmeshalazimishwa vya kutosha tangu utotoni. Kula, kusalimia, kumpa mzee kitu, hiyo ni kulia na huku kwetu hakuna mjadala, hata fundi ukimpa patasi kwa kushoto sema samahani. Ila benchini mtu asikutoe kwenye mkono wako. Mkasi tu ndo tafuta wa mashoto, huu wa kawaida ukiushika kushoto vidole vinazitenganisha zile bapa mbili badala ya kuzibana, kitambaa kinajikunja katikati, sio kwamba hujui kukata.

Na skrubu iliyoganda. Msuli wa juu wa mkono una nguvu zaidi unapogeuza kiganja kielekee juu, kwa mkono wa kulia huko ndo kukaza, kwa wa kushoto ndo kufungua. Kwahiyo bisibisi ikigoma usiite mtu kwanza, ihamishie kushoto, kandamiza ugeuze. Ikigoma tena weka mafuta ya taa uendelee na kazi nyingine.