Huduma ya Mkoba: Tangazeni Siku ya Kurudi Kabla ya Kushusha Vifaa

Kwa miaka sita nimezunguka na gari la huduma ya mkoba, yaani kliniki inayowafuata watu waliko, na vikundi vinavyotaka kuanzisha huduma ya namna hiyo huniuliza kwanza ni gari gani linafaa na vifaa gani vinunuliwe. Nami huwauliza: mtarudi lini? Mtu anayeambiwa leo kwamba presha yake iko juu anapaswa kupimwa tena siku nyingine kabla ya kuthibitishwa, kisha, ikithibitika, huenda akahitaji dawa za kila siku na mtu wa kumfuatilia, kwa hiyo gari linalokuja mara moja kwa shangwe na kupiga picha humwachia wasiwasi tu. Mwenye uwezo wa kufika vituo kumi mara moja ni afadhali achague viwili na avirudie kila baada ya wiki mbili, siku ileile na saa ileile.

Kupima nako kunataka utulivu, na foleni ndefu haina subira. Mama mmoja alifika akihema kwa kuhofia kuachwa, mashine ikasoma 168 kwa 102, na mwenzangu akaanza kuandika rufaa. Tulimkalisha dakika 5, mgongo umeegemea, miguu iko chini, mkono uko mezani usawa wa moyo, tukabadilisha pia kile kitambaa cha kufunga mkononi kilichokuwa kidogo kwake, na safari hii ikasoma 136 kwa 84. Viti vyenye egemeo na vitambaa vya saizi tofauti ndivyo vitu ambavyo sijawahi kuviona kwenye orodha ya manunuzi ya kikundi kipya.

Kwenye chakula ndiko tulikokosea zaidi. Tulikuwa tukiwahimiza wagonjwa wasizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, huku kwenye mfuko wa chakula tunaowakabidhi mmejaa vyakula vya kopo vilivyotiwa chumvi. Mzee mmoja aliyekuwa akiishi peke yake aliturudishia maharage, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, haya yanataka moto wa nusu siku, nami moto huo sina." Tangu siku hiyo hatufungi mfuko kabla ya kujua nani anapika, anapikia nini, na sufuria moja inalisha wangapi, na maharage tunayatoa pamoja na maelekezo ya kuyaloweka usiku kucha ili yaive upesi. Mboga tunazinunua asubuhi ya safari kwa wakulima walio njiani, kwani zikilala hunyauka na watu huzitupa. Anayetumia dawa za kisukari tunamsihi asibadilishe ulaji wake ghafla bila kumwambia mtabibu, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Chakula na chanjo visichanganywe kamwe. Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na tuliwahi kumkuta kijana wa kujitolea, mwenye nia njema kabisa, akipoozea chupa zake za maji ndani ya boksi la chanjo, akilifungua kila alipoona kiu.

Kadi ya mgonjwa abaki nayo mwenyewe. Gari letu lilipoharibika tukakosa safari mbili mfululizo, tulirudi tukawakuta wagonjwa watatu wakikata vidonge nusunusu ili viwafikishe siku yetu. Sasa kila anayeendelea na dawa za presha hupewa akiba ya wiki mbili zaidi, na nyuma ya kadi yake imeandikwa namba ya simu ya mhudumu wa afya wa jamii, ambaye nasi humpigia siku moja kabla ya kila safari, iwe tunakwenda au tumekwama.