Mpangaji halipi na hatoki: je, nibadilishe kufuli?

Swali: Metre (wakili wangu), ninayo nyumba ya apatimenti nne huku Bel-Air, komine ya Kampemba, Lubumbashi, Kongo. Mpangaji mmoja hajalipa kodi tangu miezi mitano. Alipoingia alitoa garanti, yaani dhamana, ya kodi ya miezi sita. Hatukuandikiana kontra (mkataba), tulielewana kwa mdomo mbele ya komisionere, dalali wa nyumba. Komisionere huyo sasa ananishauri nikate waya wa SNEL, shirika la umeme, na nibadilishe kufuli, na anasema anawajua polisi watakaotoa vitu vyote nje kwa siku moja. Shefu wa kartie (kiongozi wa mtaa) pia yuko tayari kunipa karatasi. Nyumba ni yangu, na cheti cha usajili kina jina langu. Je, nifanye hivyo, ama niihesabu ile garanti kuwa kodi yake? (Mama wa Bel-Air, Lubumbashi)

Jibu: Mama, waya uache ulipo na kufuli usiiguse. Karatasi ya shefu wa kartie nayo usiichukue, kwa sababu yeye hana mamlaka ya kumtoa mpangaji, na siku ya kesi karatasi hiyo itatumika kuonyesha kwamba ulitafuta njia ya kumkwepa hakimu.

Kuhusu garanti, sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayosimamia upangaji usio wa kibiashara, hairuhusu garanti ya nyumba ya kukaa ipite kodi ya miezi mitatu. Wewe ulipokea ya sita, na avoka (wakili) wa mpangaji ataanzia hapo kabla hata deni halijatajwa. Garanti si kodi iliyolipwa mbele. Hesabu yake hufanywa siku mpangaji anaporudisha funguo, baada ya ninyi wawili kukagua nyumba chumba kwa chumba. Lakini ile miezi mitatu iliyozidi mnaweza kukubaliana, kwa maandishi na kwa sahihi za pande zote mbili, kwamba ipunguze deni. Mtabaki na deni la miezi miwili na garanti iliyo sawa na sheria, na utasimama mbele ya hakimu ukiwa na nguvu kuliko sasa.

Linalonisumbua zaidi katika barua yako ni maneno haya: nyumba ni yangu. Wenye nyumba wengi wa mji huu wanaingia ofisini nayo mdomoni, na ndiyo yanayowaponza. Cheti cha usajili kinakulinda dhidi ya mtu anayedai kwamba mali ni yake. Mpangaji wako hadai hivyo. Na hata ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo, kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ni mali ya Serikali. Wewe una haki ya kuitumia pamoja na majengo uliyojenga juu yake. Siku ulipopokea pesa na kumkabidhi funguo, ulimpa mtu haki ya kukaa humo, na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba inamlazimisha mwenye nyumba kumwacha mpangaji akae kwa amani muda wote wa upangaji. Asipolipa, unapata haki ya kumwomba hakimu avunje upangaji huo. Haujivunji wenyewe, wala hauvunjwi na kufuli mpya. Kifungu cha 29 cha Katiba kinasema makao ya mtu hayaingiliwi ila kwa namna iliyowekwa na sheria, na hakikuwatenga wenye madeni.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Vitu vinatolewa asubuhi: godoro, sahani, makabati yenye nguo ndani, vyote vinarundikwa kwenye lupango (uwanja wa nyumba), na mvua ya Januari inanyesha kabla ya saa nane. Jioni mpangaji anasema kwamba ndani ya kabati mlikuwa na dolari elfu mbili. Hakuna aliyeandika orodha ya vitu, kwa hiyo hakuna wa kumpinga. Polisi waliokuja bila hati hawatakuja kutoa ushahidi, na simu ya komisionere haipatikani tena. Tangu siku hiyo kesi si ya kodi isiyolipwa. Mshitakiwa ni mwenye nyumba, na anayedaiwa fidia ni yeye.

Msijidanganye kuhusu komisionere. Anapata komisio yake mpangaji anapoingia, na nyumba ikiwa tupu anapata nyingine. Mtu anayefaidika kila mpangaji anapobadilika hawezi kuwa mshauri wenu juu ya namna ya kumtoa mpangaji. Ofisini ninaona kontra wanazouza zikiwa zimepigwa fotokopi, zenye kifungu kwamba mpangaji atatoka ndani ya saa 48 bila kwenda kortini. Kifungu hicho hakimpi mtu yeyote ruhusa ya kuvunja mlango.

Wengine wanakwepa maandishi kwa kuogopa ushuru wa mapato ya kupangisha, ambao kwa kifungu cha 204 cha Katiba ya 2006 ni wa jimbo. Ni hesabu mbaya, kwa kuwa siku utakapodai kodi zako mbele ya hakimu, wewe mwenyewe utayataja mapato hayo, na huna karatasi ya kuthibitisha ni dolari ngapi mlikubaliana. Kontra iandikwe, ipelekwe Ofisi ya Makazi ya komine, ile mnayoiita Abita, na kila risiti itaje mwezi unaolipwa, kiasi, tarehe na sahihi. Kipande cha daftari chenye maneno “nimepokea 450” hakionyeshi ni cha mwezi gani, na nimesikia mwenye nyumba na mpangaji wakibishania kipande kimoja cha namna hiyo saa nzima.

Kwako, Mama, mwandikie mpangaji wiki hii barua ya kumtaka alipe, ukitaja miezi yote mitano, na ubaki na nakala yenye sahihi yake. Akikataa kusaini, wisie, ofisa wa korti anayepeleka barua na kutekeleza hukumu, ampelekee. Kisha nendeni Abita ya Kampemba kwa usuluhishi. Mkishindwa kuelewana, omba hati inayothibitisha kwamba hamkupatana, maana kesi yako kwenye tribinali itaanzia kwenye hati hiyo. Itachukua miezi, na hukumu ikitoka, wisie ndiye atakayefika mlangoni kuitekeleza.