Jibu: Picha zangu za bahari zinatoka tupu, nifanyeje?

Ndugu, nimekuelewa: unapenda michoro ya Mark Rothko, yule mchoraji wa Marekani wa mistatili mikubwa ya rangi, umejaribu kupiga bahari kwa mtindo huo, lakini picha haina uhai. Kupunguza vitu kwenye picha peke yake hakutoshi. Rothko alipaka tabaka nyembamba za rangi moja juu ya nyingine, na kingo za mistatili yake zimefifia, ndiyo maana jicho halichoki kuitazama. Tafuta kingo kama hizo pale maji yanapokutana na anga, hasa alfajiri au kukiwa na ukungu. Funga kamera kwenye stendi, acha shata (pazia linaloingiza mwanga kwenye kamera) wazi sekunde 30 hivi. Mwanga ukizidi, weka filta nyeusi mbele ya lenzi. Mawimbi yatalainika.

Mstari wa upeo uwe umenyooka kabisa. Kuuweka katikati ni sawa. Hiroshi Sugimoto, mpiga picha wa Kijapani, amepiga bahari hivyo tangu 1980, tena kwa nyeusi na nyeupe. Rangi zikikushinda, anzia huko.

Tafadhali, usiipe bahari mgongo maji yanapojaa. Na maji ya chumvi yakiingia kwenye kamera, zima, toa betri, mpelekee fundi, usiifungue mwenyewe.