Samaki wa ziwa na bakteria wasiosikia dawa

SWALI: Habari za kazi. Mimi huuza samaki wa kukaanga huku Kayole, wale wa kutoka Victoria. Juzi kasitoma akaniambia ati maji ya ziwa yamejaa bakteria hawasikii antibayotiki na hata ukimkaanga samaki hawafi. Watu wameanza kuogopa na biashara imelala. Ni ukweli?
Mama Samaki, Kayole

JIBU: Mama Samaki, kasitoma wako ameshika nusu. Bakteria sugu ziwani wako, Victoria na maziwa mengi tu duniani, lakini hiyo ya kukaanga amekudanganya. Usugu ni wa dawa, si wa moto. Bakteria anaweza kuwa amejua kuvunjavunja amoksilini lakini akiingia mafuta ya moto huo ujanja haumsaidii, anakufa tu kama wenzake, bora samaki aive mpaka kwa mfupa.

Mimi ningeuliza kile kibao chako. Umetoa matumbo, magamba yamerukia kila mahali, halafu unakipangusa na kitambaa unakatia kachumbari hapo hapo? Basi hapo ndio kuna maneno, kachumbari haipiti kwa moto. Tafuta kibao cha pili na uoshe mikono na sabuni.

Sasa hao bakteria sugu walifikaje ziwani? Wengine ni wa tangu jadi, maana penisilini yenyewe ilitoka kwa kuvu, hawa viumbe wamekuwa wakipigana na hizo dawa kabla sisi tujue kemisti ni nini. Lakini tunawaongezea. Ukimeza amoksilini, zaidi ya nusu inatoka na mkojo ikiwa bado ni dawa, inaenda chooni, na maji taka yasiposafishwa vizuri yanateremka na mto mpaka ziwani pamoja na bakteria wa matumbo yetu na mavi ya ng'ombe waliodungwa sindano. Wakikutana huko wanapeana ujanja, kuna kipande kidogo cha DNA kinachobeba jeni, kinaitwa plasmidi, mmoja anampitishia mwingine hata kama si wa ukoo wake, vile meseji inafowadiwa kwa grupu. Na si mzaha, 2019 pekee usugu huu uliua moja kwa moja watu kama milioni 1.27 duniani.

Huyo kasitoma akirudi mwambie afungue droo yake kwanza. Kama kuna kapsuli nne zilibaki anazingojea homa ingine, azipeleke kwa kemisti aulize kama wanazipokea, asizimwage chooni. Halafu muuzie samaki.