Kutoa gia iliyong'ang'ania kwenye shafti ya mota

Gia ya shaba ya manjano iliyong'ang'ania inaweza kutolewa kwenye shafti ya mota bila kuharibika, na njia salama ni kuipasha moto gia yenyewe kwanza, kisha kuivuta kwa pula (kifaa cha kuvutia gia) ndogo yenye kucha mbili. Shaba ya manjano hutanuka kwa takriban mara 1.5 ya chuma kwa joto lilelile, hivyo tundu la gia hupanuka kuliko shafti na mkazo hulegea. Sekunde chache za ncha ya moto ya kifaa cha kulehemea zinatosha, ilimradi uvute papo hapo kabla joto halijafika kwenye shafti.

Kabla ya yote, futa grisi yote na uchunguze shingo ya gia kwa kurunzi, kwa maana mara nyingi kinachoizuia ni pini nyembamba au skrubu isiyo na kichwa iliyofichwa na uchafu. Niliwahi kuvunja meno matatu nikishindana na skrubu ambayo sikuwa nimeiona.

Gia ya plastiki usiipashe moto hivyo, kwani asetali, plastiki inayotumika sana kutengenezea gia, huyeyuka kwenye nyuzi 175 hivi za Selsiasi. Ikiwa mota imekwisha kufa, kata shafti, iegemeze gia juu ya taya za jiliwa zilizoachana kidogo, kisha usukume kipande cha shafti kitoke kwa msumari butu mwembamba kuliko tundu. Mota nzima usiigonge, kwa kuwa nyundo huharibu beringi.