Roketi zimeshuka bei, setilaiti yetu iko wapi?

Tangu tugusie hapa bei za kurusha setilaiti, wasomaji wa Dar hawajanyamaza. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

"Kaka, kila siku nasikia roketi zimekuwa rahisi. Mafuta ndiyo yameshuka?" – Fundi friji, Mwananyamala

Mafuta ni sehemu ndogo sana ya gharama, fundi. Pesa inakwenda kwenye injini, matangi, kompyuta na watu wa kuviunda, na kwa miaka mingi vyote hivyo vilikuwa vinaishia baharini dakika chache baada ya kuruka. Desemba 2015 kampuni ya Kimarekani ya SpaceX ilikirudisha kipande cha chini cha roketi yake, Falcon 9, kikatua wima, na Machi 2017 ikakirusha tena kimoja kilichokwisha kwenda safari. Kipande hicho kina injini tisa kati ya kumi za roketi nzima, kwa hiyo kukiokoa ni kuokoa sehemu kubwa ya gharama.

Ila kurudi tu hakutoshi. Space Shuttle, chombo cha Marekani cha kupeleka wanaanga, nayo ilikuwa inarudi, ikaruka mara 135 kati ya 1981 na 2011, na bado ilikuwa ghali kupindukia. Kila ikitua, mafundi wengi walilazimika kukagua vigae vya kuzuia joto kimoja baada ya kingine. Unafuu unapatikana chombo kinaporudi kazini upesi, tena mara nyingi. Na usichanganye gharama na bei: mwaka 2022, pamoja na kutua kote huko, bei ya Falcon 9 ilipandishwa kutoka dola milioni 62 hadi 67. Asiye na mshindani hana haraka ya kupunguza.

"Shikamoo. Sisi tuko karibu na ikweta na bahari iko mashariki. Kwa nini tusirushie Mafia?" – Mwanafunzi wa uhandisi, Mlimani

Marahaba. Fizikia iko upande wako. Ardhi ya ikweta inakwenda mashariki kwa mita 465 kwa sekunde, ya Florida kama 408. Roketi inayotafuta mita 7,800 kwa sekunde ili mzigo wake uizunguke dunia haiikatai nyongeza hiyo, ingawa si muujiza.

Lakini waulize Malindi. Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngwana, kuanzia 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipaa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikaitwa Uhuru. Roketi zilikuwa Scout za Kimarekani. Safari ya mwisho ilikuwa 1988. Ikweta haijahama wala bahari haijakauka; kilichokosekana ni mizigo ya kutosha kukilisha kituo.

"Kilo moja ni shilingi ngapi? Mtu wa kawaida anaweza?" – Mfanyabiashara, Kariakoo

Wewe unajua kuchangia kontena kutoka Guangzhou. Huku juu ni vilevile. Mwaka 2019 SpaceX ilitangaza dola milioni 1 kwa kilo 200, yaani dola 5,000 kwa kilo, zaidi ya shilingi milioni 10. Bei imepanda tangu hapo. Safari ya kwanza ya namna hiyo, Januari 2021, ilibeba setilaiti 143, na setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilipanda ya Aprili 2023. Ubaya wake ni kwamba unashushwa inakoshushwa shehena yote, kwa kawaida obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, inayopita karibu na ncha zake. Nchi ya ikweta ingependa njia inayoipitia mara nyingi zaidi kwa siku, na hiyo ni nauli nyingine.

"Siasa inaingiaje? Mwenye pesa si anunue tu?" – Mstaafu, Upanga

Mzee wangu, hapa ndipo penyewe. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, setilaiti 36 za OneWeb, kampuni ya intaneti ya setilaiti, zilikuwa tayari Baikonur, kituo cha roketi cha Urusi kilichoko Kazakhstan. Urusi ikadai serikali ya Uingereza iuze hisa zake katika kampuni hiyo. Ikakataliwa, na mzigo ukabaki hukohuko. Walikuwa na pesa hao.

Kabla yao kuna OTRAG, kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyokuja Shaba, Zaire (Kongo ya leo), na wazo la roketi ya bei ya chini: mabomba yaliyofungwa pamoja, vali zikiendeshwa na mota za waipa za gari! Ilianza majaribio 1977. Wasovieti wakalalamika kwamba ni makombora ya vita yamejificha, na 1979 Rais Mobutu akaifukuza. Mashaka hayo yana msingi, maana kinachoweza kupeleka setilaiti juu kinaweza kupeleka bomu mbali. Kwa hiyo ukiniuliza tuanzie wapi, nitasema tununue nauli kwa zaidi ya nchi moja na tusomeshe wa kuunda setilaiti. Roketi ya kwetu ingoje.

"Bando litashuka?" – Mama wa duka, Mbezi

Si kwa hili, dada. Sehemu kubwa ya intaneti yetu inapita kwenye nyaya za baharini; zilipokatika Mei 2024 uliona mwenyewe.

"Chuma kikiniangukia batini nimdai nani?" – Msomaji, Tabata

Swali la maana. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo kama 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Mkataba wa 1972 unaibebesha nchi iliyorusha fidia ya madhara ya ardhini, lakini dai linapelekwa na serikali, si wewe. Kanada iliidai Urusi ya Kisovieti takriban dola milioni 6 za Kanada kwa setilaiti iliyoanguka 1978, ikapewa 3. Kwa hiyo piga picha, usikishike maana huenda kina mabaki ya sumu, mwite mwenyekiti wa mtaa. Na tafadhali, usiwauzie wa vyuma chakavu kabla wahusika wa serikali hawajafika.